Gari la Dola Moja

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa hivi tu Maisie ametumbukiza kijiko changu cha uji kwenye tundu la sakafuni linalopandisha joto kutoka kwenye tanuru la chini. Sikuwahi kumzuia. Amekisukuma kati ya vyuma, akalala kifudifudi, akasikiliza kinavyogonga chini, kisha akanigeukia na kusema kimelala. Ana miaka miwili na nusu. Siwezi kumkasirikia mtu anayelaza vijiko.

Hata hivyo leo hakuna wa kunikasirisha. Nimepata kazi! Bi Kittredge wa jiko linalowapikia wazee amepiga simu mwenyewe. Kuanzia Jumatatu ijayo nitawapelekea chakula cha mchana wazee kumi na wawili wa huko milimani, kwa gari langu, na Maisie ana ruhusa ya kukaa nyuma kwenye kiti chake. Kazi ambayo simwachii mtu mtoto! Nimeomba kitu kama hiki tangu azaliwe. Nimerukaruka jikoni mpaka sahani zikalia.

Sharti ni moja. Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni, nimpelekee leseni na kadi ya bima. Amesema hapa Vermont jimbo halimruhusu mtu kugusa barabara bila bima, na yeye hamruhusu kugusa supu yake. Nikamwambia hilo dogo, Bi Kittredge, kadi iko garini.

Iko garini kweli. Imekwisha tarehe ishirini na nane Februari.

Nimeisoma mara tatu. Nimeigeuza. Nyuma hakuna nyingine. Yaani wiki tano na zaidi nimekuwa naendesha uchi! Juzi tu pale dukani askari wa jimbo, yule mrefu, Whitcomb, alinishikia mlango. Nikamwambia Maisie mpungie mkono anko. Tukampungia wote wawili. Mhalifu na mwanawe.

Corey yuko misituni Maine anakata magogo, harudi mpaka Jumamosi, na huko simu haishiki. Mambo ya bima aliyapanga yeye tulipooana. Mimi sijui hata inalipwaje. Nilijua ipo, kama ninavyojua paa lipo.

Jambo kubwa kuliko yote: wifi Janelle asijue. Dada mtu huyo. Gari lake jipya lina bima ya kila kitu, hata ya kugongana na kulungu, na huitaja huku anapaka siagi mkate.

Jumanne, 8 Aprili

Sikulala vizuri. Nilisikia gari la askari. Lilikuwa jokofu.

Mtu mwenye akili angeipigia simu kampuni ya bima. Nimelifikiria hilo. Lakini wakiniuliza hizi wiki tano ulikuwa unatembea kwa miguu? Nikisema ndiyo, ni uongo. Nikisema hapana, wanampigia Whitcomb. Simu nimeitazama, nayo imenitazama. Nimeifunika kwa kitambaa cha vyombo.

Nimekwenda maktaba, kwa miguu, Maisie kwenye kigari chake, matope mpaka kwenye ekseli. Huu ndio mwezi ambao barabara zetu zinakuwa uji. Nikamwambia mkutubi kwamba kuna rafiki yangu anataka kujua jimbo linadai bima gani. Akaniuliza huyo rafiki ana gari gani. Nikasema kama langu. Akanipa kijitabu bila kusema zaidi.

Kijitabu kinasema 25, 50 na 10. Nikaingiwa na baridi. Nina miaka ishirini na nne! Nikajua basi, mpaka mwakani, na mwendo usizidi hamsini. Kumi sikujua ni ya nini. Mkutubi akaja akanielekeza kwa kidole, taratibu, kama ninavyomwonyesha Maisie picha za bata. Ni elfu ishirini na tano kwa mtu mmoja utakayemuumiza, elfu hamsini wakiwa wengi, elfu kumi kwa mali utakayoiharibu. Dola. Hizo si za kuweka nyumbani, akasema, maana aliniona nimeporomoka kitini. Ndizo kampuni itakazomlipa mwenzio. Halafu lazima uwe na nyingine ya kukulinda wewe ukigongwa na mtu asiye na bima.

Asiye na bima. Ndiye mimi! Natakiwa nijikinge na mimi.

Nilipokuwa nafunga zipu ya Maisie mkutubi akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba ng'ambo ya mto, New Hampshire, wao hata hawalazimishani.

Nikaivuta zipu mpaka kidevuni kwa Maisie. Lakini moyo wangu ulisimama, halafu ukaanza kukimbia vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Mpango! Ni mzuri mpaka unanitisha.

Gari likiwa Vermont bila bima ni kosa. Gari hilohilo likiwa New Hampshire halina kosa. Kati ya hapa na huko kuna daraja moja. Basi liwe gari la New Hampshire. Na ili liwe gari la huko liwe na mwenyewe wa huko. Na mwenyewe yupo: Mzee Ouellette, wa nyumba ya kwanza baada ya daraja, mwenye mvuke unaotoka bandani anakochemsha utomvu wa miti mpaka uwe sukari. Namjua tangu nikiwa mdogo. Ijumaa nitamwambia Bi Kittredge kwamba gari ninaloendesha ni la New Hampshire, kwa hiyo halidaiwi kadi. Naliazima tu.

Nimevuka asubuhi kwenye ukungu. Nilipotaka kuwasha kiashiria nikawasha kifuta kioo. Maisie anaimba nyuma. Nikamwambia mama tuimbe polepole, watatusikia. Daraja lilikuwa refu kuliko siku zote. Nilipotokea ng'ambo nikapiga kelele ya furaha, nikaingia uani kwa Mzee Ouellette, nikaangusha sanduku lake la barua.

Ametoka na mwiko mkononi. Akalitazama sanduku, akanitazama. Nikamwambia nimekuja kumuuzia gari kwa dola moja.

Akauliza lina ubaya gani.

Nikasema halina ubaya wowote.

Akasema, "Binti, kitu cha dola moja kina ubaya. Ama kinauma, ama kinanuka."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akacheka mpaka ikabidi ashike mlango wa banda. Akasema baba yake alishamhamishia fahali mzima ng'ambo kukwepa ushuru, lakini hajawahi kuona mtu anakwepa kwa gari lenye kiti cha mtoto. Tukaandika hati nyuma ya karatasi ya kalenda, mwezi wa Machi, tukatia saini wote. Akavua kofia, akatoa dola moja humo ndani. Ilikuwa na joto.

Tumerudi kwa miguu juu ya daraja, mimi, Maisie na kigari. Nilijisikia mwepesi, mtu huru. Nikaacha buti langu la kushoto kwenye matope upande wa kwetu. Nilikuwa nalivuta kwa mikono miwili gari jipya liliposimama kando yangu. Janelle! Kioo kikashuka.

Akasema, "Wifi! Gari limekufa?"

Nikamwambia gari zima. Natembea kwa ajili ya afya. Daktari amesema.

Akanitazama mguu, soksi ya Corey yenye tundu. Akasema makubwa. Akapandisha kioo.

Alhamisi, 10 Aprili

Janelle amekuja asubuhi na viatu vipya vyeupe. Amesema kama daktari amenishauri mimi, basi yeye anahitaji zaidi, ndugu hatuachani. Tutatembea pamoja kila siku!

Kila siku!

Nilitaka kwenda kuliangalia gari. Lakini ningempeleka vipi Janelle hadi uani kwa Mzee Ouellette akaone gari langu limeegeshwa New Hampshire? Tukaenda upande wa pili. Kilomita sita. Njia nzima ananisimulia habari za mwanamke wa kazini kwao aliyeendesha bila bima, akagonga ng'ombe wa maziwa. Si ng'ombe wa kawaida, wifi, ng'ombe wa maonyesho, ana picha zake ukutani. Wakamfungia leseni. Mpaka leo anapelekwa kazini na mama yake mzazi, yeye mtu wa miaka arobaini, anakaa nyuma na mkoba wake mapajani.

Nikamuuliza ng'ombe alipona?

Akasema, "Wewe unauliza ng'ombe?"

Nilimwona huyo mwanamke njia nzima. Nikamwona ana sura yangu. Nikamwona Maisie yuko na mtu mwingine mchana kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, analaza vijiko vya watu kwenye matundu ya watu, na mimi siyaoni. Nikamshika mkono. Mkono wake ulinata kwa sukari. Sikuuachia mpaka nyumbani.

Jioni Janelle amesema, akiwa mlangoni, mbona gari silioni hapa nje. Nikasema liko kwa fundi. Akasema si ulisema zima. Nikasema ndiyo maana liko kwa fundi, ili libaki zima.

Akaondoka akitikisa kichwa. Viatu si vyeupe tena. Hilo limenifariji kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianze wapi. Mkono unauma kwa kuandika na kwa mengine.

Nilipoamka ule mpango wa New Hampshire haukuwa na sura niliyouacha nayo. Nilijaribu kumwambia Bi Kittredge kwa sauti mbele ya kioo. Hata mimi mwenyewe sikuamini. Nikachukua kadi ya zamani na kalamu, nikaketi sakafuni. Februari. Kama mtu akiongeza mstari hapa na hapa. Nilishaifungua kalamu. Maisie akaja akaniegemea begani, akauliza mama anachora nini. Nikaiweka kalamu chini, na yeye akaichukua kadi, akaenda nayo moja kwa moja kwenye tundu.

Imelala, akasema.

Sasa hata kadi iliyokwisha sina! Nikaleta bisibisi, nikang'oa wavu wa chuma, nikaingiza mkono mpaka begani. Nikatoa kijiko. Nikatoa kijiko kingine. Nikatoa soksi, mshumaa wa keki, nusu ya biskuti, na ufunguo wa baiskeli ambao Corey alinilaumu mimi kuupoteza. Halafu karatasi. Bahasha. Bahasha mbili, tatu, zote za kampuni ya bima, zimekauka kwa joto kama majani ya chai. Mtoto wangu anapokea barua mlangoni kabla yangu, na anazipeleka anakojua yeye.

Nikafungua ya Februari. Nikasoma neno kwa neno, kwa kidole.

Bima imeendelea. Hela inakatwa yenyewe benki kwa Corey kila mwezi. Kadi mpya hii hapa, imebandikwa chini, ukiitaka ibandue.

NILIKUWA NAYO! Siku zote! Nilipompungia Whitcomb mkono nilikuwa nayo! Nilimkumbatia Maisie, nikambusu, nikabusu kadi, tukacheza kuzunguka lile shimo. Kadi ina jina langu, ina 25, 50 na 10, ina namba ya gari langu.

Gari langu. Ambalo nimeliuza.

Nina bima ya gari ambalo si langu! Saa ilikuwa nane na robo.

Nimevuka daraja nakimbia na kigari, buti moja na kiatu kimoja cha kanisani. Gari lilikuwa nyuma ya banda, limejaa mapipa ya utomvu mpaka kwenye kiti cha Maisie, ndoo inaning'inia nyuma. Mzee Ouellette anakoroga. Nikamwambia nimekuja kulinunua, dola yake hii hapa, haijabadilika.

Akasema bei imepanda.

Nikamwambia mzee, usinifanyie hivyo, nina saa moja na nusu, nikiikosa kazi hii basi tena. Akasema yeye hakumlazimisha mtu kuuza. Gari zuri sana, linapanda mlima na mapipa sita. Na amelikatia bima siku ileile.

Nikashangaa. Nikamuuliza si ninyi huku hamlazimishwi.

Akasema, "Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuona unavyoegesha."

Akaeleza huku anapunguza moto. Huku ukitaka uendeshe hivihivi, endesha. Ila siku utakayomvunja mtu mguu, mguu ule ni wako, ulipe mpaka shamba liishe. Yeye amekata bima tangu ujana kwa sababu analipenda shamba lake. Nilisikia lakini nilikuwa natazama saa.

Bei yake ilikuwa dola moja, sanduku jipya la barua, na chupa mbili za matango yangu ya siki, maana wajukuu wanakuja Jumapili kula sukari ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, na bila tango la siki kinywa kinachoka. Nikasema hata chupa nne. Tukaandika hati nyingine, nyuma ya Februari. Akapakua mapipa. Polepole! Kila pipa analizungumzisha.

Saa tisa na dakika ishirini niko darajani. Na mbele, mwisho wa daraja, upande wa kwetu, amesimama Whitcomb kando ya gari lake.

Nikafunga breki katikati. Mto wote ule ni wa New Hampshire, mpaka kwenye ukingo wa kwetu, kila mtu wa hapa anajua. Nikawaza hapa hanipati. Tukatazamana. Akanipungia nije. Nikatikisa kichwa. Akapunga tena, kwa mikono miwili. Nikashika usukani, nawaza kurudi nyuma, nawaza kulala humu darajani na mtoto. Nyuma yangu lori likapiga honi. Maisie akasema mama, anko.

Ndipo nikakumbuka kwamba ninayo kadi. Nimeikalia.

Nimekwenda. Akainama dirishani, akaniuliza kulikoni, mama, gari limekuzimikia? Nikampa kadi kabla hajaomba. Akasema sawa. Nikamwambia asome na tarehe. Akasoma tarehe. Nikamwomba asome na jina. Akasoma na jina, kwa upole, kama mtu anayezungumza na aliyetoka kuanguka. Akasema alichotaka ni kuniambia tu kwamba namba ya gari imefunikwa matope, haionekani, na kwamba nyuma ninaburuta ndoo.

Akaipangusa namba mwenyewe kwa kitambaa chake. Maisie akampa kijiko. Akakirudisha.

Saa kumi kasoro dakika tatu! Bi Kittredge akaitazama kadi, akaitazama miguu yangu, akasema vema, Jumatatu saa nne. Nikalia palepale. Akanipa supu. Nilipokuwa nakunywa akasema jambo moja zaidi: bima ya kwenda dukani ni tofauti na ya kuendesha kwa kazi, kwa hiyo kabla ya Jumatatu niipigie kampuni niwaambie gari litabeba chakula. Simu ya dakika tano, akasema. Wasipojua, siku ya ajali wanaweza kukataa, na kazi hii hataniachia.

Nikasema hilo dogo, Bi Kittredge.

Jumamosi, 12 Aprili

Corey amerudi! Ndevu kama kichaka. Maisie alimkimbia, halafu akamjua kwa harufu. Sijamwambia kitu. Nitamwambia siku moja tukiwa wazee, akicheka.

Janelle alikuja kutembea. Akaona gari lipo, akalizunguka, akanusa, akauliza fundi gani huyu anayeosha magari kwa sukari. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa, inazuia kutu. Ameondoka anafikiria. Nadhani atajaribu.

Simu sijapiga. Niliinua asubuhi. Nikawaza, nikiwaambia gari litafanya kazi, watauliza lilikuwa wapi wiki hii. Nitasema liliuzwa Machi na likanunuliwa Februari, maana ndivyo karatasi zinavyoonyesha ukizigeuza? Nimeirudisha chini ya kitambaa. Kuna Jumapili nzima.

Halafu posta imekuja. Bahasha ya kampuni ya bima. Nene! Ndani kunachakarisha. Nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu. Lazima Mzee Ouellette alipolikatia gari bima wameona magari mawili yenye namba moja. Wamejua. Wanakuja.

Lakini nimetulia nikafikiri. Barua ambayo mtu hajaisoma haijamwambia kitu. Hakuna wa kusema niliambiwa. Ile ya Februari ilikaa chini wiki tano na kila kitu kikaenda vizuri, bima ikaendelea yenyewe, mpaka nilipoanza kuhangaika ndipo mambo yakaharibika. Kwa hiyo nimeiweka bahasha sakafuni, karibu na tundu, siyo sana. Maisie yuko palepale na wanasesere wake. Sijamwambia chochote. Nimegeukia dirishani nikaandika hapa kuhusu hali ya hewa. Kuna jua.

Nimesikia chuma. Nimesikia karatasi inateleza. Amesema imelala.

Mtoto mwema. Ni bahati nzuri Corey hakuona, ameshuka kitambo kule chini kwenye tanuru, amefungua mabomba ya joto aangalie mbona sebule haipati joto. Basi sasa nina amani mpaka Jumatatu, na Jumatatu nitafunika vyakula kwa blanketi la Maisie, nikisimamishwa nitasema tunakwenda kuwatembelea mababu zake, wote kumi na wawili, na kama Whitcomb akiuliza mbona supu ni nyi

Corey ananiita kutoka chini. Anasema Shayla, hebu njoo hapa, mbona kuna barua imeniangukia kicha